Kufa Kufaana: Hoja juu ya Riwaya ya Maiti Watembeao

Hapana kitabu kilicho rahisi kuhukumiwa kuliko kile ambacho mwamuzi wake hakukisoma. Kitabu cha namna hiyo ni Rot & Ruin, yaani Uozo na Uharibifu, riwaya ya Jonathan Maberry wa Marekani iliyochapishwa mwaka 2010 kwa ajili ya vijana. Jina lake lanuka. Habari yake ni maiti wanaoinuka na kuwala walio hai. Wasomaji wake ni wavulana na wasichana wa umri wa shule ya sekondari. Mambo hayo matatu yatosha, kwa wanavyuoni wengi wa fasihi, kukifungia mlango. Husemwa kuwa kitabu kama hiki ni takataka. Husemwa kuwa ni ugeni usio na mizizi katika ardhi ya Afrika. Husemwa, mwisho, kuwa huwafunza vijana ukatili. Mashtaka haya yastahili kupimwa moja moja, kwa kuwa hukumu yake haikiangukii kitabu peke yake. Inamwangukia kijana akisomaye, na inaiangukia fasihi ya Kiswahili ambayo haijampa kijana huyo badala yake.

Kwanza msomaji na ajue kilichomo. Dunia ya riwaya hii ilikwisha usiku mmoja. Waliokufa waliinuka, na kila waliyemng'ata alikufa akainuka vilevile. Usiku huo waitwa Usiku wa Kwanza. Miaka 14 baadaye masalio ya watu wanaishi katika miji michache ya California iliyozungushiwa ua wa waya, na yote yaliyo nje ya ua huitwa kwa jina la kitabu chenyewe. Katika mji mmoja, Mountainside, kijana Benny Imura ametimiza umri wa miaka 15. Sheria ya mji ni kwamba mtu wa umri huo asipopata kazi hupunguziwa posho nusu. Benny anajaribu kazi hii na ile. Zote zinamshinda au anazikinai. Mwisho, kwa kulazimika, anakuwa mwanafunzi wa ndugu yake mkubwa, Tom, ambaye kazi yake ni kutoka nje ya ua kwenda kuwaua wafu. Walakini Benny humdharau Tom. Kumbukumbu yake ya kwanza duniani ni ya usiku ule: ndugu yake anakimbia naye mikononi, na mama yake Benny anabaki nyuma. Kwa Benny, Tom ni mwoga. Mashujaa wake ni wengine: Charlie Pink-eye na mwenziwe aitwaye Motor City Hammer, wawindaji wa maiti kwa ujira, watu wa vifua vipana na visa vitamu.

Kisha Benny anatoka nje ya ua, na macho yake yanafunguka. Anawaona mashujaa wake wakiwatesa maiti kwa mchezo, wakicheka. Anajifunza kuwa iko mahali paitwapo Gameland ambapo watoto huibwa na kutupwa shimoni pamoja na maiti wenye njaa, na watu wazima huketi ukingoni wakicheza kamari juu ya nani atatoka hai. Na upande mwingine anaiona kazi ya Tom. Aliyefiwa humwendea Tom na picha ya mpenzi wake pamoja na barua. Tom huenda, siku nyingi nyikani, akamtafuta maiti huyo mmoja kati ya maelfu. Akamkuta, akamfunga asidhuru, akamsomea barua ya jamaa zake mpaka neno la mwisho. Ndipo humtuliza kwa kisu kimoja chini ya kichogo. Hampigi mateke. Hamchukulii pete. Kwa Tom, kila anayetangatanga kule nje alikuwa mtu wa watu, naye angali anadaiwa heshima ya maiti.

Waswahili wana neno la maneno mawili linaloutosha mji wa Mountainside wote: kufa kufaana. Huko kifo ni soko. Yupo anayeuza makoti ya zulia ili meno ya wafu yasipenye. Yupo anayechora picha za marehemu jinsi watakavyokuwa wameoza. Yupo anayejaribu uimara wa ua. Watoto wanakusanya kadi zenye picha za wafu mashuhuri kama wanavyokusanya gololi. Mwandishi anazipitisha kazi hizi kwa mzaha, na kijana msomaji hucheka. Kisha polepole kicheko kinamkwama kooni, kwa kuwa kutoka kwenye kadi ya mtoto hadi shimo la Gameland njia ni moja, nayo imenyooka. Mtu akiisha kuzoea kwamba mwingine ni kitu, anayemfuata kuwa kitu hachelewi.

Shtaka la kwanza, basi, ni kwamba haya ni takataka, kwa sababu ni hadithi ya kusisimua na watu wengi huipenda. Shtaka hili lina historia katika Kiswahili, nayo haiwapi heshima waliolitoa. Mwaka 1960 ilitoka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi iliyokuwa imeshinda katika shindano la uandishi, na mpelelezi wake, Bwana Msa, alikuwa na kiko mdomoni na damu ya Sherlock Holmes mwilini. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Nani asiyejua jinsi riwaya za namna hii zilivyokaa miaka mingi zikitazamwa kwa jicho la pembeni, zikiitwa za kujiburudisha tu, kana kwamba burudani ni kosa? Leo Bwana Msa anafanyiwa tasnifu, na watoa mihadhara humtaja bila haya. Hakubadilika Bwana Msa. Waliobadilika ni wasomaji wake wakubwa, ambao walichelewa kufika mahali ambapo wasomaji wadogo walikuwa wamekwisha kuketi. Aina ya kitabu si sifa wala si kosa. Kosa au sifa imo katika kazi iliyofanywa ndani ya aina hiyo.

Shtaka la pili ni la ugeni, nalo ni la ajabu zaidi, kwa maana hakuna bidhaa ya Afrika iliyorudishwa Afrika ikiwa imevaa kofia ya Ulaya na ikakanwa na wenyewe kuliko hii. Neno zombi lilikomaa Haiti. Wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo, ambako nzambi ni Mungu. Wenye neno hilo walikuwa watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya miwa ya Wafaransa, waliopigana hata wakajipatia uhuru wao mwaka 1804. Mtumwa wa shamba la miwa alikuwa na tumaini moja ambalo bwana wake hakuweza kulifungia ghala: kwamba akifa roho yake itarudi Afrika. Zombi ni hofu ya kupoteza tumaini hilo. Ni mtu ambaye hata kifo hakikumwachisha kazi. Mchawi amemtoa kaburini naye yuko shambani tena, hana jina, hana utashi, hana ujira.

Je, habari hii yahitaji mfasiri katika Tanzania? Msukule ni nani? Husemwa kuwa ni mtu aliyelazwa kaburini mbele ya macho ya jamaa zake, ilhali mchawi amekwisha kumficha; hukatwa ulimi asiseme, hulishwa pumba, na usiku hulimishwa shamba la aliyemchukua. Mahali pengine huitwa ndondocha. Asiyeamini uchawi hakatazwi kuona kilichomo ndani ya masimulizi hayo: mna jembe, mna shamba, na mna mwenye shamba anayenenepa. Watu wa pwani na wa bara, ambao misafara ya watumwa ilipita katika nchi yao, waliibuni au waliihifadhi hofu ile ile waliyokuwa nayo watu wa Haiti ng'ambo ya bahari. Kusema kuwa maiti anayetembea ni mgeni katika fikra za Waswahili ni kusema kuwa msukule ni mgeni.

Ugeni upo, lakini uko penginepo. Mwaka 1929, wakati majeshi ya Marekani yalipokuwa yameikalia Haiti tangu 1915, Mmarekani William Seabrook alichapisha The Magic Island, na ndani yake akasimulia habari za maiti walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mwaka 1932 ikatoka filamu White Zombie, na humo bado maiti wanasukuma mtambo wa kukamua miwa. Mwenye mtambo yupo na uso wake unaonekana. Lakini mwaka 1968 George Romero alitengeneza Night of the Living Dead, na tangu hapo mambo yakapinduka: maiti hana tena bwana, hana shamba, ana njaa tu. Zombi wa Haiti hali mtu. Yeye ndiye aliyeliwa. Zombi wa sinema amegeuzwa mlaji, na yule aliyemla zamani ametoweka katika hadithi bila kuulizwa. Hata hivyo Romero hakuwa mtu wa kudharauliwa. Katika filamu yake mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones, anailinda nyumba usiku kucha dhidi ya maiti. Asubuhi wanafika raia wenye bunduki, wanamwona dirishani, wanamdhani maiti, wanampiga risasi, na mwili wake unatupwa motoni pamoja na wengine. Maiti hawakumweza, walio hai walimweza.

Ni hapa ndipo riwaya ya Maberry inapopata thamani yake. Haimrudishi mwenye shamba, na jambo hili litaulizwa baadaye. Lakini inamrudishia maiti jina lake. Barua ile anayosomewa kabla ya kutulizwa ni kitu kidogo ambacho filamu nyingi zenye damu ya galoni nyingi hazikukikumbuka. Na mwisho wa kitabu barua hiyo yamfikia Benny mwenyewe. Anajua sasa kwamba usiku ule mama yake ndiye aliyemtoa kwa mkono wake na kumwamuru Tom akimbie; kwamba kile alichokiita woga kilikuwa utii kwa amri ya mwisho ya mama anayekufa. Ndugu wawili wanakwenda pamoja mpaka nyumba yao ya zamani, ambako wazazi wa Benny wamefungwa miaka yote, wakingoja. Tom angaliweza kuimaliza kazi hiyo zamani. Alimngoja mdogo wake awe mkubwa wa kutosha kuaga. Mwanachuoni atakayesema kuwa haya ni mchezo wa damu, na aseme pia ni katika kitabu gani cha vijana wa leo ambamo mazishi yamepewa uzito mkubwa zaidi.

Shtaka la tatu ni la ukatili. Katika mwaka ule ule wa 1929 ambao Seabrook alitoa kitabu chake, Frederick Johnson alitoa kwa Kiswahili Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya hadithi ya Rider Haggard, nayo ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Humo mna vita na vichwa vinavyokatwa. Mna pango ambamo wafalme waliokufa wameketishwa kuizunguka meza, matone ya maji yakiwageuza jiwe. Mna bibi kizee wa Kiafrika, Gagool, aliyechorwa kama kiumbe ambaye ubinadamu umemtoka, na ambaye anapondwa na jiwe bila msomaji kutakiwa kumlilia. Kitabu hicho kiliingia madarasani kwa mlango wa mbele. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Humo mtu mmoja anadungwa visu na marafiki zake, na mzuka wake warudi kumtisha mmoja wao. Hapana aliyesema kuwa wanafunzi watatoka humo na visu. Ilijulikana kuwa damu katika tamthilia ina hesabu yake, na kwamba anayefunzwa kuifuata hesabu hiyo anafunzwa insafu.

Basi mizani iwe moja. Katika Rot & Ruin hakuna kifo cha bure. Mama wa Nix, msichana ambaye Benny anampenda, anauawa na watu wa Charlie, na kifo hicho kinamvunja Tom mbele ya macho ya msomaji. Lilah, msichana aliyekulia porini peke yake, amebeba kifo cha mdogo wake kwa miaka mingi, na mzigo huo umemwachia usemi wa kukatika-katika kama wa mtu asiyezoea kusikilizwa. Kitabu kinachompima mtu kwa namna anavyomtendea asiyeweza kujitetea hakifunzi ukatili. Kinachofunza ukatili ni kile ambacho Gagool anapondwa ndani yake na darasa likageuza ukurasa.

Mtetezi wa kitabu, hata hivyo, si mtumwa wake. Yako makosa ya kweli, na kwa kuwa washitaki walishughulikia yasiyokuwapo, yaliyopo yamesalimika.

Kosa la kwanza ni jicho. Mwovu mkuu wa riwaya amepewa jina la jicho lake, jicho moja la rangi ya waridi, kana kwamba uovu wake ulichungulia kupitia hapo. Kitabu kizima kinamfunza Benny asihukumu kwa sura: maiti wa kutisha alikuwa mtu, shujaa mwenye kifua kipana ni mnyama, mwoga ni jasiri. Kisha mwandishi yule yule anaazima hila ya zamani kuliko zote, ya kumtia mwovu alama mwilini ili msomaji asipate taabu ya kumtambua. Huko Marekani labda ni uvivu wa kalamu tu. Katika Mwanza na Shinyanga si jambo la kalamu. Huko wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo aghalabu huletwa na moshi wa kuni na samadi waliopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Msichana wa sekondari wa Shinyanga akisoma habari ya Charlie Pink-eye, hasomi njozi. Mwalimu aliyemkataza kitabu amempotezea nafasi ya kuuliza swali kubwa kuliko yote yaliyomo: kwa nini mwandishi mwenye huruma kiasi hiki kwa wafu aliteleza kwenye jicho la aliye hai?

Kosa la pili ni kwamba uovu umefungashwa katika watu wachache wabaya. Charlie akianguka, msomaji hupumua. Lakini mji ulionunua kadi, ulioketi dukani kusikiliza visa vyake, uliojua nusu ya habari za Gameland na kunyamaza, mji huo haukuhukumiwa. Mwandishi aliona kufa kufaana, akaionyesha vizuri, kisha akamtoza gharama mtu mmoja. Na hapo ndipo linaporudi lile swali la mwenye shamba. Haiti ilijua nani anafaidi kazi ya zombi. Kijiji kinachosimulia habari za msukule kinajua shamba ni la nani. Riwaya ya Marekani yajua maiti wana njaa, haijui ni nani aliyeshiba.

Kosa la tatu ni dogo: Tom ni mwema mno, upanga wake haukosei, na aghalabu husimama kuhutubia palipotosha kutenda. Vijana hulisamehe kosa hili upesi kuliko wazee.

Lipo pia jambo moja ambalo ni sifa, na wachambuzi hawakuliona. Watu wa Mountainside wamesalimika na mauti, lakini hawataki kujua liko nini nyuma ya milima. Hawaizungumzi dunia ya zamani, hawaitaki mpya, wanauangalia ua. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na maneno hayo yangeweza kuandikwa kwenye lango la mji ule. Ni vijana, Nix kwanza na Benny baada yake, wanaokataa kuishi kwa kuhesabu nguzo za ua. Na mwishoni wanapoiona ndege ikipita angani, wanajua kuwa dunia haikuishia pale walipoambiwa imeishia.

Ua wa Mountainside wafanana sana na ua unaojengwa na baadhi ya idara za fasihi ya Kiswahili. Ndani zimo tenzi, tamthilia na riwaya zilizokwisha kutakaswa na wakati. Nje ni uozo na uharibifu. Mtoto mdogo ana hadithi zake za sungura na fisi, na mtu mzima ana Shaaban Robert na waliomfuata. Aliye kati, wa miaka 15, ambaye mwili wake unabadilika na ambaye ameanza kuuliza kama wazazi wake walimdanganya, aambiwe asome nini kwa Kiswahili usiku, kwa hiari yake, bila mtihani? Rafu yake ni nyembamba. Basi huenda kwa Kiingereza, akamkuta Maberry, na akirudi darasani huambiwa kuwa alikuwa jalalani.

Dawa yake si kumsifu Maberry kupita kiasi, seuze kumwiga. Dawa ni mbili. Ya kwanza, mwanafunzi wa chuo akileta riwaya kama hii kwa ajili ya tasnifu, apimwe kwa uchambuzi wake na si kwa jalada la kitabu, kama anavyopimwa anayeleta Mzimu wa Watu wa Kale. Ya pili ni ya waandishi. Msukule yuko tayari. Ana jina, ana kijiji, ana mama aliyemlilia kwenye kaburi tupu, na ulimi wake umekatwa. Kijana wa Kiswahili angeisoma kwa pumzi moja riwaya ambayo msichana anamkuta kaka yake akilima usiku katika shamba la mtu anayeheshimiwa na mji wote. Humo hapangekuwa na haja ya jicho jekundu wala ya Charlie. Mwenye shamba angekuwa mtu msafi, mwenye salamu njema, anayetoa sadaka. Na kazi ya msichana isingekuwa kumwua maiti yeyote, bali kusimama mchana mbele ya watu na kuuliza kwa sauti shamba lile hulimwa na nani.